Kununua lethi ya mtumba: mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha

Msikilizaji wetu, shafti ya mashine ya kusaga ikilika pale inapokaa beringi, kijiji kizima kinasimama. Mahindi yapo, umeme upo, unga hakuna. Mwenye mashine anaweka shafti kwenye kiroba, anapanda basi kwenda Dodoma mjini kumtafuta fundi mkerezaji, anakuta foleni, analala. Siku mbili tatu zimepotea, na nauli juu. Ndiyo maana vijana waliomaliza VETA na vikundi vya mafundi wa kuchomelea kutoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Kondoa wanatuuliza swali lilelile: tukichanga, tununue lethi ya zamani iwe hapahapa kwetu?

Jibu letu ni kwamba inawezekana. Zipo lethi zenye umri wa miaka 50 na zaidi zinazofanya kazi safi kila siku. Lakini zipo pia zilizochoka kabisa, zikapakwa rangi ya kijani zikang'aa, na fedha za ng'ombe wanne zikaishia kwenye chuma chakavu. Tofauti ya hizo mbili haionekani kwa macho ya mtu anayepita. Inaonekana kwa kupima, na vipimo vyenyewe havihitaji mhandisi.

Tuelewane majina kwanza

Lethi, au mashine ya kukereza chuma, inashika kipande cha chuma na kukizungusha, huku kisu kigumu kikisogezwa polepole na kukwangua mpaka unene unaotakiwa upatikane. Seremala anayekereza miguu ya kiti anafanya kazi ya ukoo huohuo. Kwa lethi, fundi anatengeneza shafti mpya, puli, bushi za mkokoteni, anakata uzi wa nati, na anarudisha shafti iliyolika katika unene wake baada ya kuijaza kwa kuchomelea.

Sehemu utakazozisikia humu ni tano. Kitanda ni ule mwili mrefu wa chuma wenye reli juu yake. Kichwa kipo upande wa kushoto, ndani yake mna gia na shafti kuu inayozunguka. Chaki (siyo ile ya ubaoni) ni mdomo wenye taya unaofungwa kwenye shafti kuu na kushika kazi. Gari ni kile kinachoteleza juu ya kitanda kikiwa kimebeba kisu. Mkia uko upande wa kulia, unashikilia ncha ya pili ya shafti ndefu.

Katika hizo tano, iliyo muhimu kuliko zote ni kitanda. Chaki inanunuliwa, mota inanunuliwa, beringi zinapatikana, hata nati ya shaba iliyolika inakerezwa na fundi mwingine. Kitanda kilicholika hakina spea. Kukisawazisha upya kunahitaji mashine kubwa ya kusaga chuma, na gharama yake pamoja na usafiri inaweza kuzidi bei uliyonunulia lethi yenyewe.

Mashine hizi zinatoka wapi

Lethi nyingi za zamani nchini zina historia ya karakana kubwa. Ziko zilizokuja na reli, nyingine na mashamba ya mkonge na migodi, nyingine na misheni na shule za ufundi. Baada ya Uhuru ziliongezeka. Wachina walijenga karakana ya Mang'ula mkoani Morogoro kwa ajili ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 ili kusukuma viwanda vidogo mikoani. Wilayani Hai, Kilimanjaro, kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria kiwanda cha kutengeneza mashine za aina hii hapahapa nchini. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa miaka ya 1990, mashine nyingi ziliuzwa, zikahama mikono. Siku hizi zinaongezeka na zile za mtumba zinazoshushwa Dar es Salaam kutoka Ulaya na Asia.

Asili ya mashine inakuambia mengi. Za Uingereza, kama Colchester, Harrison, Boxford na ile ndogo ya Myford, nyingi zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi. Ya Kirusi utakayoisikia sana ni 1K62, nzito, tani mbili na zaidi, na haichoki haraka. Za Kichina jina lake linasomeka: kwenye C6140, herufi C ni lethi na 40 ni sentimita 40, yaani unene mkubwa kabisa wa kazi inayoweza kuzunguka juu ya kitanda. India nayo ilituma HMT na Kirloskar. Hakuna jina katika hayo linalotosha kukufanya ulipe bila kupima. Colchester iliyonyanyaswa na wanafunzi miaka thelathini haifikii mashine isiyo na jina iliyotunzwa na fundi mmoja.

Na sisi wa kanda hii tuna mfano wetu wa kununua mitambo kwa haraka. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa. Matrekta mapya hayakupatikana, maana Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imeisha juzi tu, hivyo wakanunua mabaki ya jeshi, mengine yakitoka mbali kama Ufilipino. Mengi yalifika yakiwa hoi na kuharibika mapema, na udongo wa Kongwa wenye mchanga mkali ukala majembe yake kama msasa. Mradi ulifutwa mwaka 1951. Zilikuwa sababu nyingi, mvua ikiwemo, lakini mitambo chakavu iliyonunuliwa bila kukaguliwa vizuri imo kwenye orodha. Wao walikuwa na hazina ya dola nzima nyuma yao. Kikundi cha watu kumi hakina.

Kukagua kitanda

Nenda mchana, na umwambie muuzaji mapema kwamba utataka kuiona mashine ikiwaka. Futa mafuta kwenye reli za kitanda kwa kitambaa. Kisha pitisha ukucha kutoka mahali gari linapofanyia kazi karibu na chaki hadi mahali ambapo gari halifiki. Ukihisi kingo, kama ngazi ndogo, hiyo ndiyo kula kwa kitanda. Ngazi ndogo isiyokwamisha ukucha ni umri wa kawaida. Ngazi inayokwamisha ukucha, anza kuwa na wasiwasi.

Kipimo cha pili. Kazi nyingi za lethi hufanyika karibu na chaki, kwa hiyo kitanda hulika hapo zaidi kuliko upande wa mkia. Sogeza gari hapo karibu na chaki, mwombe fundi akaze vibao vya kurekebisha mpaka gari liteleze bila kucheza, halafu lizungushe kwa mkono kuelekea mkia. Kitanda kizuri, gari litakwenda kwa uzito uleule mpaka mwisho. Kilicholika, litaanza kuwa zito, na pengine likwame kabisa. Muuzaji akikataa vibao visiguswe, nawe usikubali bei yake.

Chunguza pia nyufa. Chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka, na lethi ikiangushwa wakati wa kuhamishwa hupasuka miguuni, kwenye kichwa au kwenye gari. Rangi mpya nene, hasa yenye puti chini yake, ikwangue kidogo kwa ruhusa. Tunajua kuna wauzaji wanaopaka rangi kwa nia njema tu, kuzuia kutu. Bado ikwangue.

Shafti kuu na gia

Zima umeme kwenye swichi kuu. Ingiza mti mgumu chini ya chaki, egemeza, nyanyua taratibu huku mwenzako ameweka saa ya kupimia juu ya chaki. Sindano ikicheza sehemu mbili tatu za mia za milimita, pengine ni suala la kukaza beringi. Ikiruka zaidi ya hapo, uliza beringi ni za aina gani. Lethi nyingi kubwa zina beringi za golori au za rola, na hizo hununuliwa ingawa si rahisi bei. Baadhi ya ndogo za zamani, Myford ML7 ikiwemo, shafti yake inazunguka ndani ya bushi za madini laini, na kuzitengeneza upya kunataka fundi mzoefu kweli.

Sasa washa. Pitia spidi zote, moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, ukisimamisha mashine kila unapobadili gia. Gia iliyovunjika jino inagonga kwa mpangilio, tak-tak-tak, na mlio huongezeka haraka ukipandisha spidi. Acha mashine izunguke nusu saa kwenye spidi ya kati, kisha weka mkono juu ya kichwa. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, kuna tatizo.

Mpini wa kusogeza kisu ukizungushwa kidogo bila kisu kusogea, watu wengi hutishika bure. Kila lethi ya zamani ina ulegevu huo. Robo mzunguko ni kawaida. Nusu mzunguko ni sababu ya kupunguziwa bei, maana nati yake itabidi ikerezwe mpya.

Nenda na chuma chako

Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vingine, na ndicho wanunuzi wengi wanakiruka. Beba kipande cha chuma laini cha mviringo, unene milimita 40, urefu milimita 200. Kifungwe kwenye chaki, kitokeze kama milimita 150, bila kushikiliwa na mkia. Kikatwe mara mbili, mara ya mwisho ngozi nyembamba sana. Kisha pima kwa maikromita karibu na chaki na kule mwishoni.

Tofauti ya milimita 0.02 kati ya ncha hizo mbili ni matokeo mazuri sana kwa mashine ya umri huo. Ikiwa 0.05, ambayo inakaribia unene wa unywele wa mtu, bado usikimbie. Tufanye hesabu ya kazi halisi. Beringi namba 6206 ina tundu la milimita 30 na upana wa milimita 16. Kama mashine inakosea 0.05 katika milimita 150, basi katika milimita 16 za kukalia beringi itakosea kama 0.005 tu, na beringi itakaa vizuri. Kosa likifika 0.1 na kuendelea, shafti ndefu zitakusumbua, na wateja wa mashine za kukamua alizeti watakurudia.

Lakini kabla ya kuilaumu mashine, iwekee pimamaji kwenye reli za kitanda, upande wa kichwa na upande wa mkia. Lethi iliyosimama kwenye sakafu isiyo sawa hujikunja kama ubao wa mlango uliolowa, na ikijikunja hukata kwa mshazari hata kama kitanda ni kizima. Ikiwa haijakaa sawa, iwekwe sawa na upime upya.

Uangalie na uso wa chuma kilichokatwa. Mawimbi madogo yanayojirudia ni dalili ya kulegea mahali fulani: gari, kisu au shafti kuu. Mwisho, mwambie fundi akate uzi wa nati, hata sentimita tatu tu. Hapo utajua kama skrubu ndefu inayovuta gari ni nzima na kama mfumo wa kuishika unashika.

Umeme, na suala la inchi

Hapa ndipo mashine nzuri inapoweza kukushinda. Lethi nyingi za karakana zinatumia umeme wa njia tatu. Vijiji vingi vilivyofikiwa na REA vina wateja wa njia moja, na mahali pengine hata laini inayopita ni ya njia moja. Kabla hujaongea bei, nenda TANESCO ukaulize: hapa nilipo njia tatu inapatikana, na kuivuta ni kiasi gani? Pata jibu la maandishi.

Ikishindikana, kuna njia mbili. Moja ni kubadili mota na kuweka ya njia moja, jambo linalofaa kwa mashine ndogo za nguvu ya farasi mbili hivi. Nyingine ni kifaa cha kielektroniki kinachogeuza njia moja kuwa tatu. Mafundi umeme wengine hukiita invata, ingawa siyo ile ya sola. Kwa hicho, soma kibati cha mota. Kikiandikwa 230/400 au 220/380, mota inaweza kuungwa kufuata volti 230 zinazotoka kwenye kifaa cha kawaida. Kikiandikwa 400/690, haitafaa. Na mashine iliyotengenezwa Marekani, kwa mfano South Bend, mota yake ni ya masafa 60. Umeme wetu ni 50, kwa hiyo itazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za spidi yake, yaani iliyokuwa 1,800 inakuwa kama 1,500.

Kuhusu inchi: bolti za pikipiki na za mashine nyingi mpya ni za milimita, wakati mabomba ya maji yanafuata inchi. Utahitaji zote. Lethi ya Kiingereza yenye skrubu ya inchi inaweza kukata uzi wa milimita, mradi iwe na gia yenye meno 127. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127 kamili. Hesabu meno ya gia za akiba mwenyewe. Ukiikuta hiyo gia, mashine imepanda thamani.

Vitu vinavyosahaulika

Muuzaji akikuonyesha lethi tupu yenye chaki moja, uliza vingine viko wapi. Chaki ya taya tatu ni ya kazi za kawaida, ya taya nne ni ya vipande visivyo vya mviringo. Kuna sahani ya kufungia kazi kubwa, mhimili wa kushikilia shafti ndefu katikati, ncha za mkia, gia za kubadilisha, spana na ufunguo wa chaki. Kununua kimoja kimoja baadaye ni ghali, na mhimili wa mashine moja hauingii kwenye nyingine. Kwa maoni yetu, kikundi kinachoanza ni bora kichukue C6140 au 1K62 yenye rangi iliyobanduka lakini vifaa vyake vyote vipo, kuliko lethi ndogo ya kupendeza isiyo na gia hata moja. Hayo yote ni kama njia tatu ipo.

Karatasi

Mashine ya tani mbili haiibiwi mfukoni, lakini inauzwa na watu wasio wenye mali: msimamizi wa karakana iliyofungwa, mtoto mmoja kati ya warithi sita, mlinzi. Dai uthibitisho wa umiliki. Kama ni mali ya marehemu, msimamizi wa mirathi ndiye anayeuza. Kama ilikuwa ya serikali au taasisi, iwe imepita kwenye mnada uliotangazwa, na hati ya mnada uione. Andika mkataba wenye aina ya mashine, namba iliyogongwa kwenye kitanda, orodha ya vifaa na bei, mashahidi wasaini, na risiti ya EFD itolewe pale muuzaji anapotakiwa kuitoa.

Kwa fedha, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulizie halmashauri mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. SIDO mkoa nao wana mikopo na, lililo bora zaidi, wana watu wanaozijua mashine. Kabla ya kukopa, andikeni kwenye daftari kwa miezi mitatu kila shafti na kila bushi iliyotoka kijijini kwenu kwenda mjini. Kazi nane kwa mwezi na kazi arobaini si uamuzi mmoja.

Kuihamisha na kuitunza

Lethi ni nzito juu na imelemea upande wa kichwa. Hupinduka ghafla, na haimpi mtu nafasi ya kukimbia. Tafuta winchi au forklifti, sukuma gari upande wa mkia ili kusawazisha uzito, funga mikanda kwenye kitanda, kamwe si kwenye skrubu ndefu wala shafti kuu, maana zikipinda umeharibu ulichonunua. Kwenye lori ifungwe pande zote nne, na hakuna mtu kukaa nayo nyuma.

Nyumbani iwe na sakafu ya zege nene, iliyokauka vizuri. Weka swichi ya kuzimia haraka mahali mkono unapofika. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi inataka karakana isajiliwe OSHA. Anayekereza asivae glavu wala mikono mirefu inayopepea, khanga wala nywele zisining'inie, na ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata kwa sekunde.

Adui mkubwa wa Dodoma ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya maana, upepo unavuma, na vumbi likichanganyika na mafuta juu ya kitanda linakuwa msasa uleule uliokula majembe ya Kongwa. Futa kabisa kwanza, ndipo utie mafuta mapya. Ukitia mafuta juu ya vumbi unasaga kitanda. Jioni funika kwa turubai. Baada ya wiki mbili za kazi, rudisha pimamaji kwenye kitanda, kwa sababu sakafu mpya hushuka, na kaza upya bolti za miguu.